Midomo

Mimi ndiye niliyepiga piano, Kutaisi,
mwaka ule mto Rioni ulipopanda hadi ngazi za sinema.
Kulia kwangu, kiganja juu ya ubao wa piano,
kaka yangu Severiani, kiziwi tangu surua,
akisikiliza kwa ngozi.

Kwenye kitambaa: Kaikhosro, koti limefumuka kwapani,
anaubusu mti wa ukoo uliochorwa kwenye ngozi ya mbuzi.
Tawi hili mfalme, tawi lile mfalme,
na yeye, chini kabisa, jani.
Shemasi kamuuzia kwa ng'ombe wawili.
Hazina, kasema shemasi, imelala chini ya nyumba.
Basi anachimba.
Anachimba sebule. Anachimba uvungu wa kitanda cha watoto,
watoto wenyewe wakiwa usingizini.

Mkewe anatokea mlangoni, mkono kifuani.
Kisha maandishi, meupe juu ya weusi:
BWANA WANGU, NITAKUNGOJA HATA KABURINI.
Ukumbi mzima ukavuta makamasi.
Nami nikateremka kwenye noti za huzuni, kama nilivyolipwa.
Severiani akacheka.
Vidole vyake vikaniambia katika mwanga wa mshumaa wangu:
Hakusema hivyo. Kasema, viatu vinanibana,
tutakula saa ngapi?

Tangu hapo nikawa natazama picha mbili.
Katika moja, mfalme alirudi kwao.
Katika nyingine, mwanamume aliyepakwa unga usoni
aliinua kisanduku kutoka shimoni,
maandishi yakanguruma: TAJI LA BABU ZANGU!
na midomo yake ikasema,
kifuniko kimekwama, tuanze upya?

Safu ya pili, ami yetu Ermile alisimama analia,
pete ya muhuri kidoleni,
ile aliyokwisha kuiweka rehani mara tatu.

Alfajiri tukasikia sururu.
Mitungi ya divai aliyoifukia babu, shingo tu juu ya ardhi:
ukapasuka wa kwanza,
ukapasuka wa pili.
Divai ya miaka tisa ikanywewa na udongo
ambao hata haukulewa.
Ami yumo shimoni hadi kiunoni, mwekundu,
anazungumza na mtu tusiyemwona.
Dirisha limefungwa. Masikio yangu mazima hayanifai kitu.
Anasemaje? nikamuuliza Severiani.
Kaka yangu, ambaye hajawahi kunificha neno,
akaitia mikono yake mfukoni.