Skrubu Mbili

Jumamosi, Katuba. Umeme umekwenda tangu juzi,
na tupa langu ndilo mashine pekee inayosema.
Mutonkole anaingia, gobori kalifunga
kwa kitenge cha mkewe, kama mtoto mwenye homa.

"Limelogwa," anasema.
"Mbawala watatu kwa mwezi mmoja,
na wote wameondoka na mikia yao."

Sicheki. Baba aliniachia karakana hii,
jiliwa lenye kutu, na sheria moja:
kabla ya kumshtaki mchawi, shtaki skrubu.

Nafungua kitenge. Gobori la kisasa,
mtutu wa kiwandani, mifuo imezunguka ndani
safi kama ngazi za nyumba ya Wazungu;
si yale ya zamani, ya vyuma vya usukani.
Nasukuma tambara la maji moto na sabuni.
Linatoka jeusi. La pili, jeusi.
La tano lina rangi ya chai kavu.
"Unasafisha lini?"
"Msimu ukiisha."
Ee Mutonkole! Masizi ni deni la dukani:
unakopa juu ya mkopo,
mwisho risasi yenyewe haipiti mlangoni.

Nashika kitako, natikisa.
Skrubu mbili zinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.
Nazikaza. Anapumua, anatafuta pochi.
Ngoja kwanza.

Twende shambani kwa dada yangu, njia ya Kasenga,
penye kichuguu kirefu kuliko nyumba yake.
Katoni ya sabuni, duara la makala, hatua hamsini.
Anamimina baruti kiganjani, kwa jicho,
kama mtu anayetia chumvi katika sombe.
Mama yangu anaweza hivyo. Wewe huwezi.
Nampa kipimo cha shaba,
na juu ya mdeki nachora mstari kwa rangi ya kucha:
mstari ukifika mdomoni, risasi imekaa;
ukibaki juu, sukuma tena, usibishane nao.

Napiga mimi. Tambara kati ya kila risasi.
Matundu matatu, yamekaribiana
kama mafiga ya jiko la mwanasesere.

Anapiga yeye.
Kushoto. Kichuguu. Mbingu.

"Umeona?" anasema, karibu kwa furaha.
"Linakupenda wewe."

Sikumjibu. Nikalishindilia nikiwa nimempa mgongo:
bila baruti, bila risasi, fataki tupu.
Akalenga. Akavuta.
Tak.
Hapakuwa na moshi wa kumficha.
Nikaona bega likiruka, mtutu ukizama kushoto,
na macho yote mawili yamefumbwa
kabla kidole hakijamaliza kazi yake.

Alikaa chini, palepale kwenye majivu ya shamba.
Akaniambia habari za Kilufya, mdogo wake,
huko Mitwaba, na gobori la chuma cha usukani
lililofunguka kama ndizi iliyomenywa.
"Mimi ndiye niliyelijaza," akasema.
"Kwa kiganja."

Nina bisibisi kumi na nne.
Nilizihesabu zote kichwani.

Kisha nikamwekea fataki nyingine. Na nyingine.
Tak. Tak. Dada yangu akaleta bukari, ikapoa.
Watoto wa jirani walihesabu kwa sauti,
wakachoka, wakaenda kutafuta panya.
Ya kumi na tisa, jicho la kulia lilibaki wazi.
Lilijaa maji, lakini lilibaki wazi.
Mtutu haukutikisika.
Hakuna aliyepiga makofi.

Aliuliza bei. Nikamwambia, skrubu mbili.
Akalipa nusu kwa faranga, nusu aliahidi asali,
akaondoka na gobori begani, wazi, bila kulifunga.
Kitenge alikisahau mguuni pa kichuguu.
Nilipokwenda kukiokota, giza likiingia,
mchwa walikuwa wameshaanza pindo.