Vopalensky dhidi ya Torkelson

Mahakama ya rufaa, majaji watatu, kurasa ishirini na tatu.
Nimeisoma katika maktaba ya sheria, Omaha,
meza ya dirishani, theluji ikianguka bila haraka,
na kila nikigeuza ukurasa mto unahama.

Kanuni ni kongwe kuliko jimbo lenyewe:
mto ukila ukingo kidogo kidogo, punje kwa punje,
mpaka huufuata kama mbwa na bwana wake.
Mto ukiruka usiku mmoja, ukajichimbia njia mpya,
mpaka hubaki pale pale kwenye mchanga mkavu,
ukiyakumbuka maji.

Kwa hiyo ulichoporwa ghafla bado ni chako.
Ulichochukuliwa polepole si chako tena,
wala hakikuchukuliwa.

Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa.
Nenda kauambie mto Missouri.

Ardith Vopalensky, miaka themanini na mmoja,
aliapa, akaketi, akakataa glasi ya maji.
Nililala mto uko mashariki ya banda la kuku, alisema,
nikaamka uko magharibi.
Wakili akauliza: saa ngapi hasa?
Saa ilikuwa imelowa.
Jibu hilo lipo kwenye kumbukumbu, ukurasa wa 212.
Karani hakuandika kama watu walicheka.

Akaja mhandisi, Lyle Hufnagel, na ramani kumi na sita,
mistari ya buluu imelaliana
kama nywele zilizokwama kwenye sinki.
Inchi nane kwa wiki, alisema, miaka kumi na minne.
Chururu si ndo ndo ndo.
Jaji Teeter, akiwaandikia walio wengi (yaani wawili),
aliinukuu inchi ile mara tatu.

Nikimsoma bila hasira, simwoni mwovu.
Mahakama haiwezi kuuapisha mto.
Ina ramani, na ina kesi ya jana iliyoegemea kesi ya juzi,
iliyoegemea kesi ya watu waliogombea kisiwa cha mchanga
ambacho siku hizi hakipo.
Tofali juu ya tofali. La chini kabisa
limekaa juu ya matope.

Rai pinzani ni ya Jaji Quisenberry, kurasa nne tu:
Mto unaokula punje kwa punje
ungelila banda kwanza.
Banda lilikutwa ng'ambo, limesimama,
komeo mahali pake, kuku hai.

Tanbihi ya kumi na moja inamjibu:
banda laweza kujengwa upya.

Lakini soma ukurasa wa 340, usiotajwa na jaji yeyote.
Delmar Torkelson mwenyewe, mdaiwa, mlima mahindi wa Iowa,
anaulizwa na wakili wa mama yule, naye hadanganyi:
Ndiyo, niliwavusha kuku wake kwa mashua. Safari mbili.
Asubuhi ipi?
Asubuhi walipokuwa upande wangu.
Basi. Wakili akaketi. Sijui kwa nini aliketi.

Katika lugha yangu neno ni lilelile:
mpaka wa shamba, na mpaka lini.
Ardith alingoja mpaka Februari.
Hukumu ilitoka Mei, ikampa Torkelson ekari arobaini na moja,
kila upande ubebe gharama zake.

Siku hizi jina lake ni kanuni.
Wanafunzi hulitamka vibaya, wakalipigia mstari wa njano;
mahakama za majimbo mengine hulitaja kuhusu changarawe,
kuhusu ufuo, safari moja kuhusu uzio wa kiwanja cha gofu.
Maana ya Vopalensky ni taratibu. Yeye,
aliyeapa kwamba ilikuwa usiku mmoja.

Kwenye nakala hii ya maktaba, pembeni mwa ukurasa wa tisa,
mtu aliandika kwa penseli, herufi ndogo, zimeanza kufutika:
walikuwa kuku wangapi?