Daraja

Neno hili kwetu lina kazi mbili.
Daraja moja lipo Busisi, zege na nyaya,
limeukanyaga mkono wa ziwa toka ng'ambo hadi ng'ambo.
La pili limechapwa kwenye kadi yangu,
herufi moja tu, D,
herufi ya kumpeleka shangazi kanisani
na kumrudisha kabla wali haujapoa.

D si ya Fuso.
Nami miaka minne nilikuwa utingo wa Fuso la Ngusa,
tukipakia sangara Mwaloni saa tisa usiku,
barafu ikinivujia mgongoni kama mtoto aliyekojoa.
Ngusa naye alikuwa na D, ileile,
aliyoifunika kwa noti ya elfu tano
kila tochi iliponyooka pale Usagara.
"Herufi haisukumi gari, Mbuke," aliniambia.
"Mguu ndio unaosukuma."

Mpaka usiku ule wa mvua, mteremko, gia kubwa,
mguu ukashuka ukakuta breki imeshaondoka zake.
Hakufa mtu.
Mbuzi watatu, na kibanda cha vocha.
Ngusa akaruka kwenye mahindi, na hadi leo yumo.
Mimi nikabaki na polisi,
naokota samaki matopeni mmoja mmoja,
najibu maswali ya herufi ambayo hata sina.

Mwalimu Bahebe wa Nyakato hana haraka.
Ana ubao, chaki, na kikohozi.
"Anza na H," alisema, "ya mwanafunzi.
Iko mwisho wa orodha, lakini sote tumezaliwa humo."
A akaipita upesi: pikipiki,
vijana wa Igoma wanaipita hivyohivyo bila kuisalimia.
Kwenye C akaiweka chaki chini.
"C ni roho za watu. Teksi ni C tatu,
lakini C kavu, isiyo na namba, ni basi zima la Bukoba,
abiria thelathini na zaidi wamelala midomo wazi,
na hakuna hata mmoja anayelijua jina lako."
G ni trekta za kule kwenye pamba.
F ni tela: "Mzigo wenye mkia, na mkia una akili zake."
Halafu akanitazama mimi, mwanamke pekee darasani.
"Wewe unataka E. Mzigo.
Basi andika: mzigo haushikwi kwa breki.
Unashikwa kwa gia, tena juu ya kilima,
kabla hujaanza kuuogopa."

Niliandika. Nikapiga mstari chini yake, nikamkumbuka Ngusa.

Macho yangu daktari aliyasifu.
Kidole gumba ndicho mashine ilichokikataa mara tatu:
magamba ya samaki yalishakisugua,
hakina tena mistari ya kunitambulisha.
"Kapake mafuta, dada, urudi Jumatatu."
Nikapaka. Nikarudi.

Mtihani, mwinuko wa Bugando, lori la mawe.
Afande Bwire akaweka kiberiti nyuma ya tairi.
"Ondoka. Ukikiponda, tuonane mwezi ujao."
Mwezi wa kwanza nilikiponda.
Nilikwenda nacho nyumbani kimelala kama kadi,
nikakibandika ukutani, juu ya kitanda.

Mwezi wa pili niliusikiliza moto wa injini
ukipanda polepole unyayoni, kama maziwa yanayokaribia kuchemka.
Sikuachia handibreki mpaka lori lenyewe liliponiomba.
Afande akainama, akakiokota, akakitikisa sikioni.
Njiti zililia zote.
"E," akasema,
sikujua ni herufi au ameshusha pumzi.

Jana usiku nimevuka Busisi na tani saba za barafu.
Mbele yangu kulikuwa na tela la mtu wa F,
taa zake nyekundu zikitikisika juu ya maji meusi.
Nikashusha gia moja,
nikaacha nafasi.