Ukurasa wa Matumizi

Karani wa liwali aliingia Siyu wakati wa bamvua,
daftari kwapani, kidau cha wino kikimgonga nyonga.
Alitumwa ahesabu watu na kazi zao,
nyumba kwa nyumba, kabla mwezi haujaandama.

Mlango wa kwanza: Shekuwe wa Bwana Tamu.
Akaandika *mhunzi*,
akapuliza wino ukauke.
Shekuwe hakuinua uso;
jambia lililo motoni halingoji salamu.
Nyuma yake Mwana Tumu, kaniki imefungwa magotini,
mkono wa kulia ukishuka, wa kushoto ukipanda,
ngozi mbili zikihema badala ya mbuzi wenyewe.
Akipunguza pumzi, chuma kinanuna.
Akizidisha, kinarusha cheche, kimeungua.
Mume huutazama moto. Mke huusikiliza.
Karani akaandika: *mke, mmoja.*

Kwa Athmani Kae: *mchimba mawe.*
Ana vidole saba;
vitatu ameyaachia matumbawe kule machimboni.
"Na hawa?"
Walikuwa wakipita, Somoe na nduguze wawili,
vikapu vichwani, shingo zimenyooka kama alifu,
wamebeba ukuta wa msikiti
kipande kwa kipande.
"Hawa? Hawa ni wanangu."
*Binti, watatu.*

Mshona viatu. Mchoma makaa, anakohoa.
Mchoma chokaa, kope nyeupe kabla ya uzee.
Mwingine mshona viatu.

Pwani akamkuta Zafarani ameinama,
jua la adhuhuri limemkalia mgongoni.
Maji yakipwa, bahari huacha mstari mweusi mchangani,
mwembamba kama wanja.
Nondo za Bombei ni ghali mwaka huu,
kwa hiyo bwana wake amekumbuka mstari ule.
Zafarani huukwangua kwa kifuu,
huupepeta majini, mweupe uende, mweusi ubaki,
ungo baada ya ungo,
mpaka jua linapozama ana uzito wa kisu kimoja,
na kisu si chake.
Hakuulizwa kazi.
Aliulizwa, "Wa nani?"
Akajibu kama alivyofundishwa kujibu.
Karani akageuza kurasa, akamwandika upande wa mali,
kati ya punda na minazi.

Alasiri kalamu ya mwanzi ikamgomea,
na kisu cha kuichongea kilikuwa butu kuliko kalamu.
Wahunzi wote wako msikitini.
Kibanda cha mwisho, palipotupwa mavi ya chuma,
akamwona Mwana Hindi, mjane wa miaka kumi na mmoja,
na jiwe la kunolea lililoliwa katikati
likawa kama tandiko la punda.
"Nipa," akasema, wala hakuuliza ni cha nani.
Akakilaza, akakivuta. Akakigeuza, akakivuta.
Akayajaribu makali kwa unywele wake mwenyewe, wa mvi;
ukaanguka vipande viwili.
"Pesa moja."
"Kwa kunoa tu?"
"Basi lete nikirudishie ubutu wake."

Karani akatoa pesa.
Lakini pesa ile ni ya liwali,
na ya liwali haitoki mfukoni bila kuacha nyayo.
Akachonga kalamu. Akafungua daftari nyuma,
ukurasa wa matumizi,
na chini ya mafuta ya kandili na nauli ya mtumbwi
akaandika, kwa mwandiko mwembamba, safi
kuliko yote aliyoandika tangu asubuhi:

*Kunoa kisu. Mwana Hindi, wa Siyu. Pesa moja.*

Mwana Hindi, aliyehitimu kwa babake chuoni,
akausoma mstari ule kichwa chini,
kidole kikiwa bado kimelowa maji ya jiwe.

"Umepunguza," akasema.
"Andika: pande zote mbili."