Kibanda cha Chaji, Mtaa wa Oli

Shilingi mia tano, simu moja.
Naandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha,
nachomeka, nasema: rudi jioni.
Hawangoji jioni.

Mwalimu Adriko hufika hadi kwa muuza makaa,
husimama, mkono ukapapasa mfuko mtupu
kama ulimi unaorudi palipong'oka jino,
kisha huyo, mbio:
"Candiru, imefika ngapi?"
Kumi na moja, mwalimu.
"Nitazame mara moja tu. Sitamjibu mtu."
Anainama palepale, waya mfupi umemvuta shingo
kama mbuzi aliyemaliza majani ya kamba yake,
na ng'ambo ya barabara kengele ya shule inalia,
inalia hadi inachoka yenyewe.

Bi Mastula ana wafuasi elfu tatu
na ugomvi na mmoja wao,
mtu asiyemjua hata sura.
Hajalala tangu Jumanne.
Ananiambia, tumbo likimnguruma,
kwamba anashinda.

Usiku nafunga mlango.
Simu arobaini zinabaki nami ubaoni
zikitetemeka kama kunde jikoni,
kila moja inamwita mtu
aliyelala macho upande wa pili wa Arua,
anayehisi mtetemo pajani
pasipo na kitu.

Nawacheka, eti.

Agosti, mvua ikipiga bati,
mama alikuwa nyuma ya pazia hili hili
akizungumza polepole, Kilugbara cha kwao Maracha,
kile cha zamani:
mahali alipofukia kitu,
au alipozikwa mtu,
au jina ambalo ningempa mtoto.
Nilisema, "Mm."
Nikasema tena, "Mm, mama."
Kidole gumba kilikuwa kinapanda,
kinapanda
ngazi isiyofika darini.

Nilichokiona nakikumbuka vizuri:
mwanamume wa nchi nisiyoijua
akikata tikiti maji kwa uzi.
Mbegu zake naweza kukuhesabia.

Kulipokucha mama hakuwa na la kurudia.

Walipomaliza kutandika mikeka ya matanga
nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu.
Watu walidhani nalia.

Ukipita Oli, tazama ubaoni, safu ya juu,
namba moja, kebo nyekundu.
Ile hailipiwi.
Mwaka mzima haijawahi kufika mia,
maana siiachi ikae.