Saba Mara Nane

Kwenye ripoti ya muhula wa kwanza, mbele ya jina la Aikande,
niliandika kwa wino mwekundu: Hana umakini.
Maneno mawili. Nikayapuliza yakauke,
nikageukia jina linalofuata.

Sikuandika kwamba hunitazama mpaka saa nne kasoro,
kisha macho hubaki usoni pangu, mwenyewe akaondoka.
Sikuandika kwamba namba zake za asubuhi husimama wima
na za saa tano huegemeana, zikalala,
kama migomba baada ya upepo.

"Saba mara nane?"
"Mwalimu..."
"Sikukuuliza mimi ni nani. Saba mara nane?"
Darasa likacheka. Nikaliacha licheke.

Jumamosi nikateremka sokoni Kiboriloni.
Mama ninayenunua kwake mayai kila juma
akanipangia thelathini, ya kienyeji, mengine na manyoya yake,
akaongeza mawili kwenye mfuko wa karatasi.
"Haya ni asante. Nimeambiwa jana tu
kumbe ni wewe unayemfundisha Aikande wangu."

Nikauliza, ili nisikae kimya, ana kuku wangapi.
"Kumi na wawili, wanataga vizuri.
Mayai ndiyo mchango wa shule, ndiyo rimu, ndiyo soksi."
Na maparachichi?
"Hayo huondoka na lori la Jumanne."
Na maziwa?
"Ya ushirika. Tunabakiza ya kukatia chai.
Siku nyingine chai inabaki na weusi wake."
Alisema bila huzuni,
kama mtu anayetaja wanawe walioko mjini.

Nikaupanda mlima wa Mbokomu, trei mikononi,
na hesabu moja tu kichwani:
mwaka wa pili sasa
ninakula kifungua kinywa cha Aikande,
kwa kitunguu na pilipili manga,
kisha ninasimama mbele yake, nimeshiba,
ninamuuliza kwa nini haelewi.

Huku kwetu mnafu huota bila kuombwa.
Maharage yapo, ulezi upo, ndizi za kiburu zinaivia shinani,
malori yanashuka yamejaa, yanapanda matupu,
na dawati la tatu, karibu na dirisha,
mtoto amejikunja ili tumbo lisingurume
jirani akasikia.

Kwenye kamati mzee Ndesario alisimama:
"Sisi tulisoma na njaa, na tukafika."
Nikamuuliza, mlifika wangapi?
Akaanza kuwataja kwa vidole.
Mkono mmoja ulitosha, na kidole gumba kikabaki.
Akaketi. Kesho yake alileta debe la mahindi,
hakusema ni la nani.

Ndeonansia mpishi hakuhutubia mtu.
Alisaga karanga, akapepeta ulezi,
saa mbili na nusu moshi ukawa juu ya jiko la shule.
Mchana makande, na mnafu juu yake,
na wale wanaosukuma majani pembeni ya sahani
anawasimamia, mwiko kiunoni, mpaka yaishe.

Mayai bado nanunua.
Nikiacha, soksi zitatoka wapi?
Lakini yale mawili ya asante
huyarudisha yamechemka, mfukoni mwa koti,
na Aikande hugawa moja kwa Elineema wa dawati lake
kabla sijamwambia ale.

Sitakudanganya, uji si muujiza.
Leo saa tano nimemuuliza tena.
"Hamsini na nne," akasema.
Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye kalamu nyekundu.
"Hapana. Subiri, Mwalimu. Usiseme. Usiseme!"
Ameukunja uso, midomo inahesabu,
macho yamo ndani ya macho yake, na mwenyewe yumo.

Nje Ndeonansia anakwangua ukoko wa sufuria.
Nasubiri.