Nimepanda Namba Moja

Nyumba yetu ya Al-Hail iko chini ya njia.
Ndege za kushuka Maskati hupita juu ya tangi letu la maji,
magurudumu nje, kama makucha ya mwewe.
Thuweiba hanyanyui tena kichwa.
Mimi nanyanyua, kijiko kikiwa mdomoni,
na hata kwenye sijda, Mungu anisamehe,
nazijua kwa mngurumo:
hii ya Salala, hii ya Kochi imechelewa,
hii ilikuwa yangu.

Mwezi wa kumi na tisa huu.
Barua ilisema likizo bila mshahara, mpaka utakapoitwa.
Neno zuri, kuitwa.
Kama harusini. Kama kiyama.

Kabla mashirika mawili hayajaoana
nilikuwa wa mia mbili na kumi na nne.
Nilishatoa mahari ya miaka kumi na moja:
safari za saa nane za usiku, Idi nne hotelini,
Ghania kazaliwa mimi niko Trivandram nangoja ukungu utoke.
Wakaja wenzetu na orodha yao.
Sisi tukasema: ihesabiwe siku mtu aliyoingia kazini.
Wao wakasema: kihesabiwe kiti alichokalia.
Msuluhishi, bwana mpole wa suti ya kijivu,
akayachanganya majina kama karata,
moja lao, moja letu, mawili yao, moja letu,
akaziweka mezani.
Nikaamka wa mia sita na kumi na moja.
Sikugonga kitu, sikuchelewa, sikulewa.
Nilishushwa nimelala.

Sasa naendesha gari la gesi la shemeji yangu Mundhir.
Mawaleh, Al-Khodh, Maabela, honi mbili kila kichochoro.
Kabla ya kuwasha nasoma ukaguzi kimoyomoyo:
breki, mafuta, taa, minyororo ya mitungi.
Kuna mama mmoja Maabela huniita kapteni,
kwa ajili ya miwani yangu tu. Hajui.

Mwezi wa Rajabu wakaita watu.
Wakaita mpaka mia sita na kumi.
Hapo wakanyamaza.

Nabhan alikuwa wa upande wao.
Kaajiriwa miaka sita baada yangu,
kakaa juu yangu kwa watu mia mbili na tisa.
Sikumpenda, na hakunikosea kitu.
Kaanguka baada ya sala ya alfajiri, viatu bado mkononi.

Sabla ya Ghubra ilijaa.
Marubani tulikaa upande mmoja, kanzu nyeupe, vilemba,
midomo inasoma Yasini,
vidole magotini vinatoa moja.
Nilimwona Zahran anatoa. Akaniona natoa.
Tukaangalia zulia.
Mtoto wa marehemu akanimiminia kahawa,
birika kubwa kuliko mkono wake.
Finjani ya kwanza nikanywa.
Ya pili nikatikisa, basi, mwanangu, basi,
naye hakuijua ishara, au machozi yalimziba,
akamimina tu.

Barua imekuja Jumatatu. Nafasi imepatikana, wameandika,
kama mtu aliyeokota ufunguo.
Ila kiti cha kulia, si cha kushoto:
kapteni wa jana, msaidizi wa kesho.
Thuweiba kakaa na koti langu mapajani,
anafumua mstari wa nne wa mkono kwa wembe.
Uzi umetoka, vitundu vimebaki,
safu mbili nyembamba kuzunguka mkono mzima.
Kapiga pasi mara tatu. Bado vipo.
Kaniuliza mbona sifurahi.
Nikamwambia nafurahi.

Kesho saa kumi ya alfajiri gari litanifuata.
Gesi ataipeleka Mundhir.
Honi mbili,
na yule mama wa Maabela atatoka na mtungi mtupu
aulize kapteni kaenda wapi.